Gundi Haijakauka

Keti hapo kwenye ringi iliyopinda, Mhina.
Kiraka hakitaki pupa.
Mpira nimeshausugua kwa msasa, gundi nimepaka,
sasa tunangoja mpaka ukiigusa isishike kidole.
Usinitazame mimi, sina sinema usoni.
Fungua boksi la spoki.

Si hilo. Hilo lina spoki kweli.
La chini yake, lenye chaki: MINYORORO.

Hicho cha juu kinanuka grisi,
na kurasa kumi za mwanzo zilikwenda Chumbageni
na mtu aliyetaka kufungia karanga. Haidhuru.
Anzia pale vijana watatu wameshaingia pangoni
na chemli yao imebakiwa na mafuta ya saa moja.
Huna haja ya kujua walizaliwa na nani.
Giza haliulizi ukoo.

Ninyi wa Barabara ya Kumi na Tano mnadhani Amboni
ni pale mlipopelekwa na shule,
mkapiga picha, mkamenya machungwa, mkarudi.
Soma kwanza.
Ukienda tena utatembea umeshika ukuta.

Nyamvula hataki mapango. Yeye anataka yasiyowezekana.
Nikampa kile cha kijani:
mji ambao vivuli hupimwa kwa mizani sokoni,
na yatima anauza chake amnunulie nduguye dawa,
kisha anapita barabarani jua la saa nne
na mbwa wote wanamlilia.
Kesho yake akaja macho yamemvimba.
"Fundi, jua linaweza kumsahau mtu?"
Nikamwambia mimi natengeneza baiskeli.
Usiku sikulala, nalitafuta jibu.

Lakini kile kinene, cha jalada la mfuko wa saruji,
nilichokishona mwenyewe kwa uzi wa katani,
hicho simpi kila anayepita.
Kina kijana aliyekuja mashambani kwa miguu, toka mbali,
akapewa kipande asichoweza kukisoma.
Siku ikifanyiwa kazi, inatiwa alama.
Mnyapara akisahau, siku haikuwepo.
Jua lilichomoza bure, mgongo uliuma bure.
Kurasa mia mbili anajifunza kuhesabu kwa siri,
kwa miba ya mkonge, juu ya udongo,
na mimi namhesabia pamoja naye, midomo ikicheza,
mteja amesimama na pampu mkononi.

Babu yangu alikuwa na kipande.
Alikiweka kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati,
hakukisema mpaka kaburini.
Shule ilinipa miaka na majina ya magavana, nikafaulu.
Hadithi ya kutunga, ya mtu asiyekuwepo,
ndiyo iliyonionyesha viganja vya babu.
Nilikuwa na miaka arobaini na moja, Mhina.
Wewe una kumi na tatu. Unaona ulivyonipita?

Sasa sikia, hili libaki hapa.
Wiki iliyopita Nyamvula alileta pancha mara tatu.
Tairi la nyuma, zote.
Nikauzamisha mpira karaini, vipovu vikapanda
kutoka kitundu kidogo, cha duara, safi,
cha ncha ya bikari.
Mchongoma hauchomi hivyo. Mimi na matundu tunajuana.
Sikusema kitu.
Nikapaka gundi nzito kuliko inavyohitajika
na akamaliza sura mbili.

Haya, inuka. Yako imekauka zamani,
nilikuona unakodoa, nikajitia kutafuta spana.
Mia tano ya kiraka.
Kitabu nenda nacho. Usikilaze penye maji,
usimwonyeshe muuza karanga,
na chemli itakapozimika, usiruke ukurasa.

Na ukimwona Nyamvula
mwambie bikari airudishe kwenye mkebe.
Anaruhusiwa kuja hapa kwa miguu.